Mwaka Tuliosubiri Sehemu ya Pili

Afande Barnaba amekufa, na waliomwibia walikuja msibani wakalia kuliko mjane wake. Nasema hivyo nikijua kabisa kwamba na yeye alikuwa mwizi. Nitafika huko, msinikimbize. Nilipigiwa simu asubuhi nikiwa natafuta soksi ya pili ya Shamim, binti yangu, ambaye hawezi kwenda shule bila kupoteza kitu. Nikamwachia jirani ampeleke, nikapanda boda mpaka Nsambya, hapa hapa Kampala. Walikuwa wamefunga turubai katikati ya zile nyumba za wafanyakazi wa reli, viti vya plastiki vimejaa, sufuria za wali na maharage zinatoa moshi nyuma, na mbele, pale ambapo ningetegemea picha ya marehemu na maua, kulikuwa na televisheni kubwa juu ya meza. Kijana mmoja aliyegeuza kofia nyuma alikuwa anaonyesha kazi za marehemu. Ndipo nikajiona. Nina miaka kumi na tisa, nimekaa kwenye kigoda, namenya vitunguu, mdomo wangu umefungwa kabisa, na sauti ya Afande Barnaba, nzito, yenye mikwaruzo ya sigara, inasema: "Faraja najiuliza: kama baba iko hai, basi miaka yote hii nilikuwa naombea dua nani?" Na turubai zima, watu wazima na akili zao, wakayasema maneno hayo pamoja naye, kama wanavyoitikia kanisani. Mama aliyekaa karibu nami akanitazama, akatazama televisheni, akanishika goti. "Wewe ni Faraja! Sema tena kile kitu ulisema pale." Nikamwambia sikusema kitu. Akacheka. "Si tunakusikia?"

Kijana wa kofia anaitwa Derrick. Ana chaneli ya kwenye simu yenye filamu zote za Afande, na kila filamu ameibandika jina lake mwenyewe kwa rangi ya njano, na kabla haijaanza lazima utazame tangazo la kubashiri mechi. Nilimfuata kwenye foleni ya chakula, sahani mkononi, nikamuuliza nani alimpa zile filamu. "Auntie, ziko tu. Mimi nazitunza zisipotee." Nikamuuliza mjane anapata nini. Akashangaa kweli, hakuwa anajifanya. "Lakini hakuna mtu analipa mimi. Watu wanalipa bando tu." Nikamwambia, kwa hiyo bando ndiyo iliyotengeneza filamu? Akaniwekea wali kwenye sahani, kijiko kimoja, kingine, kama mtu anayemtuliza mbwa. "Auntie, tusikasirike kwenye msiba." Na mimi nikala, kwa sababu nilikuwa na njaa na kwa sababu hasira yangu haikuwa ya Derrick peke yake. Nimeishi na wakina Derrick. Nimeolewa na mmoja. Mume wangu ananiona mjinga kwa kulipia ile programu ya filamu za nyumbani kila mwezi wakati kikundi cha mtaani kinazituma bure kabla hata hazijapoa, na jirani zangu wananitania, "Mama Shamim, wewe unalipia hewa?" Hao hao wananunua bando asubuhi na jioni, na moyoni wanaamini wameshalipa. Pesa imetoka mfukoni, filamu imeingia kwenye simu, basi hesabu imefungwa. Nani kaipata, hawaulizi.

Mwaka ninaousema ni ule niliomaliza kidato cha nne, wakati hakuna aliyekuwa na haraka na mimi. Afande Barnaba alikuwa dereva wa polisi aliyestaafu, akapanga chumba na nusu kwenye moja ya nyumba za reli, akafungua kibanda cha filamu. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa duka: rafu za diski mpaka juu, bango limeandikwa kwa mkono, na mashine ya kuchomea diski nyingi kwa pamoja, ambayo ilikuwa inanguruma kama tumbo la mtu mwenye njaa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kuchoma diski. Nusu chumba ya nyuma ilikuwa ya sauti. Alikuwa ameipigilia magodoro ukutani, magodoro ya kambi yenye madoa ambayo hatukutaka kujua ni ya nini, na humo ndani alikaa asubuhi mapema, kabla malori hayajaanza, akiwa na fulana na maikrofoni, anatazama filamu ya kigeni na kuisimulia juu kwa juu. Kampala mtu huyo tunamwita vijei. Hatafsiri neno kwa neno, Mungu apishe mbali. Anakwambia nani mbaya, nani anapenda nani, anawapa wazungu na Wachina majina ya mtaani kwetu, anamtukana mpelelezi kwa uzembe. Vijei wengine walisema kwa Kiganda. Afande alisema kwa Kiswahili cha kambini, kisichojali ngeli wala aibu, na wateja wake walikuwa wake wa maaskari, Wakenya wa maofisini, Wakongo wanaobeba mizigo kurudi kwao, na watu wa Sudani Kusini wanaosubiri ndugu zao hospitalini pale juu. "Sasa huyu kijana iko na shida," utamsikia kupitia magodoro. "Bunduki imeisha lisasi. Mama yake alimuonya." Filamu ilikuwa ya watu walio angani, kwenye chombo cha kwenda mwezini, lakini ukisikiliza vizuri kulikuwa na jogoo anawika mahali, kwa sababu jogoo wa jirani hakutambua magodoro. Wateja walimpenda yule jogoo. Wengine walikuwa wanasema bila jogoo si ya Afande.

Na ndiyo, zote zilikuwa za wizi. Hakuna aliyetuuzia, hakuna aliyetuuliza. Sitaki kupaka rangi. Lakini nikifunga macho leo, mwaka wangu mzuri kuliko yote unanukia plastiki ya moto ya diski mpya, na chapati na maharage tuliyokuwa tunakula juu ya kaunta, Afande akichovya chapati na kulalamika kwamba chumvi ya yule mama muuza chapati inatoka kwenye machozi yake mwenyewe. Nilikuwa nacheka mpaka maharage yananitoka puani. Sijawahi tena kupata kazi ya kunichekesha hivyo, na nimepata kazi nyingi.

Dada Zaituni aliingia dukani siku ya mvua kuja kununua diski tupu. Alikuwa na umri nilio nao mimi sasa, jambo ambalo linanitia uchungu kulifikiria, kwa sababu mimi nilimwona mtu mzima aliyemaliza kujua kila kitu. Alikuwa mtu wa zile familia za Waislamu wa zamani za mjini, wenye maduka ya vitambaa Nakivubo, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kanzu ya Ijumaa. Afande akimsikia alikuwa anakaa wima bila kujijua. Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi. Ila alikuwa amechoka na maharusi. Alikuwa ameandika hadithi yake mwenyewe, ya msichana anayeitwa Faraja, ambaye tangu utoto kila Ijumaa anamwombea dua baba yake marehemu, halafu wiki ya posa yake anamsikia mama yake, jikoni, akimwambia jirani kwamba yule mwanamume hakufa, alihama tu. Alikuwa anataka kuipiga kwa kamera ile ile ya harusi, katika nyumba za watu anaowajua, kwa Kiswahili. Akanitazama mimi nyuma ya mashine. "Huyu binti ana uso wa kusikiliza," akamwambia Afande, kama vile mimi ni kiti. "Nitamwazima."

Tulipiga ile filamu siku zisizo za harusi. Yeye ndiye alishika kamera, shangazi yake alicheza mama, na taa zilikuwa zile zile zinazomulika keki. Ninachokikumbuka zaidi ni jikoni kwao, nyuma ya duka, dari chini, ukuta mweusi kwa moshi wa miaka, birika la chai ya tangawizi halitoki mekoni, na wanawake wanaongea huku wanakata nyama kana kwamba kamera ni paka tu kaingia. Kipande kile cha vitunguu alikirudia mpaka nikaishiwa machozi ya kweli. Hakukuwa na neno hata moja la kusema. Faraja ameshasikia siri, mama anaingia, na Faraja anaendelea kumenya. Basi. Nikamwambia, "Dada, watu watadhani nimesahau maneno." Akasema, "Waache wadhani. Binti aliyesikia jambo kama hilo hasemi. Ukisema umeiharibu." Na baadaye, tukila pilau kwa mkono kwenye sinia moja, alikuwa ananisimulia sehemu ya pili. Sehemu ya pili ndiyo ilikuwa filamu yake hasa. Ya kwanza ilikuwa ya kufungulia njia: iuzwe kihalali, orijino, yenye ganda zuri na stempu, ili kile kitakachopatikana kitengeneze ya pili, ambayo mimi ningekuwa ndani yake mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa nimeshaacha kuomba chuo cha ususi. Shangazi akinung'unika kwamba msichana anapoteza wakati, Dada Zaituni alikuwa anamwambia, "Anao wa kupoteza. Subiri ya pili."

Orijino zikaletwa kibandani kwetu, maboksi mazima, na Afande akazipanga rafu ya mbele kabisa, akafuta vumbi kwa fulana yake. Nilisimama pale nikiwa nimepaka wanja. Mteja wa kwanza alikuwa mke wa askari, mama mnene wa furaha, akaichukua, akaenda nayo, na kesho yake asubuhi akairudisha. "Wewe mtoto, hii sinema iko uchi."

"Uchi vipi, mama?"

"Haina mtu wa kuongea."

"Lakini wote wanaongea. Kiswahili. Mimi mwenyewe naongea."

"Mnaongea nyinyi kwa nyinyi. Nani anaongea na mimi? Nani ataniambia huyo mama mbaya ama mzuri? Mimi nataka ya Afande."

Nilidhani ni yeye tu. Akaja Mkenya mmoja mwenye tai, mtu wa ofisi, akaniambia kwa upole kwamba filamu ni nzuri, ila kuna mahali msichana anamenya vitunguu na sauti inakatika, nimwangalizie kama diski ni mbovu. Akaja Mkongo akauliza kwa nini hii ina bei yake peke yake wakati nyingine zote pale zina bei moja, na nilipomwambia hii ni ya halali, akauliza, bila ubaya, "Na zile nyingine?" Miaka yote tulikuwa tumewafundisha kwamba filamu ni kitu ambacho bei yake ni bei ya plastiki, na kwamba haijakamilika mpaka Afande aiguse. Sasa amekuja mtu na filamu ya lugha yao, ya mtaa wao, na hawawezi kuila kwa sababu haijatafunwa. Leo watu wanazungumza kuhusu wizi wa filamu kana kwamba ubaya wake ni pesa tu. Mimi nilikuwa pale. Wizi ulikuwa umeshabadilisha midomo ya watu. Hata cha halali walikuwa wanakidai kiwe na ladha ya kile cha wizi.

Afande alimwambia Dada Zaituni kwa adabu zote, kofia mkononi. Nilikuwa nyuma ya mashine nasikia. "Binti yangu, nikutilie sauti. Itaenda."

"Afande, watu wangu wanasema Kiswahili. Wewe utasema nini ambacho wao hawajasema?"

"Nitasema wanachofikiri."

"Hilo ndilo nisilolitaka."

"Watu hawajui kununua kitu kimenyamaza."

"Basi watajifunza." Akatoka, na mwavuli wake akausahau, akarudi kuuchukua bila kututazama.

Alichofanya Afande baada ya hapo nimekifikiria kwa miaka, na bado siwezi kumchukia vizuri. Aliitia sauti. Asubuhi moja nilifika nikamkuta amefungia mlango wa magodoro, namsikia anasema jina langu, yaani la Faraja. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akanieleza mpango wake, na alikuwa anaamini kabisa. Atatoa nakala chache tu, ziwe kama kionjo. Na ndani yake ameweka tangazo: mwanzoni, katikati, na mwishoni, kwa sauti yake mwenyewe ambayo Nsambya nzima inaitii, anasema, "Hii filamu si yangu, ni ya Dada Zaituni wa Nakivubo. Wewe mtu unatazama sasa, kama umependa, simama, nenda nunua orijino." Watu watanunua, akasema. "Nikiwaambia wauaji wa kwenye filamu ni wabaya, wananiamini; mbona hili wasiniamini?"

Sijui mtu mwingine duniani anayeweza kufanya kosa lile isipokuwa mtu aliyeishi kwa kunakili kazi za watu na bado akadhani wanaonakili kama yeye ni waungwana. Nakala ya kwanza alimpa Mkongo, aitazame njiani. Haikuchukua muda, filamu ikawa kila mahali. Vibanda vya soko la Kalerwe vilikuwa nayo, vile vilivyobanana na wauza nyanya, na ganda lao lilikuwa na picha ya mwanamke mwingine kabisa mwenye bunduki. Tangazo la mwanzo walilikata. La mwisho walilikata wakaweka la fundi simu. La katikati hawakuweza kulikata kwa sababu lilikuwa ndani ya hadithi, kwa hiyo likabaki, na unajua ilikuwaje? Watu walicheka. Nilikaa na wake wa maaskari siku moja mchana, kwenye sebule ya yule mama mnene, wanakula karanga, na Afande aliposema "simama, nenda nunua orijino," wakaangua kicheko mpaka maganda yakaruka. "Afande na vichekesho vyake!" Walidhani ni utani wake, kama anavyowatania wazungu. Hakuna aliyesimama.

Lakini ilipofika kwenye vitunguu walinyamaza. Yule mama mnene alilia, akajifuta na khanga, akanivuta kichwa akanilaza kwenye ziwa lake. Ndivyo ilivyokuwa, na mimi sitadanganya ili hasira yangu ipate raha. Maneno ya Afande yalikuwa mazuri. Alikaa ndani ya magodoro akamtazama msichana anamenya vitunguu na akapata swali lenyewe. Nilianza kuitwa Faraja barabarani. Wauza ndizi walikuwa wananiuliza, "Faraja, ulikuwa unaombea dua nani?" na kunipa moja ya ziada. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mji unanijua. Nilifurahi kama mpumbavu. Kila mtu alikuwa na swali moja tu, na walimuuliza Dada Zaituni pia, walimsimamisha sokoni, msikitini, kwenye harusi akiwa na kamera begani: sehemu ya pili lini? Walimpongeza. Walimwambia wameirudia mara nyingi. Na maboksi ya orijino yalikuwa bado rafuni kwetu, Afande anayafuta vumbi.

Dada Zaituni hakuleta polisi, ingawa mmoja alijitolea, askari kijana, na katika kujitolea kwake akasema wazi kwamba nakala ya nyumbani kwake inakwaruza na angependa nyingine. Alikuja mwenyewe, mchana, duka lina watu. Afande akasimama. Nilisubiri matusi. Dada akamwomba amwekee kile kipande cha vitunguu. Tukamwekea, kwenye televisheni ndogo ya kaunta, na akakitazama amesimama, mkoba kwapani, mpaka vitunguu vikaisha. "Ni kweli," akasema. "Ndicho alichokuwa anakifikiri." Afande akaanza kutabasamu. "Lakini mimi sikutaka aambiwe mtu." Akatuaga kwa heri ya kawaida kabisa. Ijumaa ile nilikwenda kwao kula kama nilivyozoea. Pilau ilikuwa ile ile, sinia lile lile, shangazi anapiga gumzo. Nikangoja aanze kusimulia ya pili, alikuwa ameniachia mahali patamu. Akaninawisha mikono, akasema, "Jumamosi nina harusi upande wa Nsambya. Utaweza kunishikia taa?" Hapo ndipo nilipojua hakuna sehemu ya pili. Nilishika taa. Bibi harusi alikuwa mrefu, mkono uliniuma mpaka kesho yake.

Orijino zile zililiwa na unyevu. Mkanda wa kamera nao ulirekodiwa harusi juu yake, kwa sababu mikanda ilikuwa ghali na harusi zilikuwa zinangoja. Mahali fulani mjini kuna wanandoa wanaokata keki juu ya uso wangu na hawajui. Kwa hiyo mpumbavu yule Derrick anasema kweli kwa upande mmoja: kilichobaki duniani ni kile alicho nacho yeye, chenye jina lake la njano na sauti ya marehemu. Shamim akitaka kumwona mama yake akiwa msichana, lazima kwanza atazame tangazo la kubashiri. Hilo nalijua na linanichoma. Lakini anaposema anatunza zisipotee, mimi nataka kumuuliza, na ile ya pili mbona hukuitunza?

Wiki iliyofuata msiba nilikwenda Nakivubo kumpa Dada Zaituni taarifa. Siku hizi wanamwita Hajati, amekonda, ana miwani, na duka la vitambaa ni lake baada ya shangazi. Kamera hana. Alikuwa ameshasikia. Akaniwekea kiti katikati ya majora, akaagiza chai, akasema, "Mungu amrehemu, alikuwa na sauti," na ikawa hivyo tu, na mimi niliyekuja na mdomo umejaa nikapandwa na hasira na yeye pia. Nikamwambia habari ya Derrick. Nikamwambia tuungane, tumshitaki, tumtie adabu, nimesikia kuna ofisi ya mambo hayo. Alikuwa anakunja kitambaa. "Sauda, mwanangu, atarudisha nini? Ile aliyonayo ilishatoka mikononi mwangu zamani."

"Na ya pili?"

"Ya pili gani?"

Nilidhani ananitania. Akaweka kitambaa chini, akavua miwani, akafikiri kweli kweli. "Nakumbuka ilikuwepo," akasema. "Alikuwa anakwenda mahali, sivyo?"

Basi nikamsimulia. Mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne na mtoto wa kuchukua shuleni mchana, nikamsimulia mwenye filamu filamu yake. Faraja anavunja posa. Anaambiwa baba yake anauza nyanya Kalerwe, anakwenda, anamwona, mwanamume mfupi mwenye fulana ya kijani, hana kitu cha ajabu. Anakosa la kusema, ananunua nyanya. Kesho yake ananunua tena. Nyumbani nyanya zinaoza, mama anashangaa, kila mlo ni mchuzi wa nyanya. Yule baba anaanza kumzoea, anamchagulia zilizo ngumu, anamwita mteja wangu. Anamsimulia habari za watoto wake wengine. Dada Zaituni alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, chai yake imeota utando. "Halafu?" Nikamwambia, halafu siku moja baba hayupo, meza iko tupu, jirani yake anasema anaumwa, yuko wodini, na kwa kuwa wewe ndiye mteja wake, nenda kamwone. Faraja anakwenda. Muuguzi mlangoni anamuuliza, wewe ni nani wake?

"Akasema nani?"

"Hapo ndipo uliponiachia, Dada."

Hatukuwa tumemwona mteja. Mama mmoja alikuwa amesimama kwenye kaunta na jora la bluu mikononi, sijui kwa muda gani, amesahau kilichomleta. "Eh, nyabo, usikae kimya," akamwambia Dada Zaituni. "Alisema yeye ni mtoto wake ama hakusema?"

"Sijui," Dada Zaituni akajibu. Akachukua mkasi, akalivuta jora, akatafuta mahali pa kukata.

"Iko wapi hiyo sinema?"

"Haipo."

"Kwenye simu kila kitu kipo." Mama yule alikuwa ameshatoa simu, kidole kiko juu, ananigeukia mimi. "Nitafute kwa jina gani?"

Nikamwambia haikufika kupewa jina.